Kama panya lazima afe, afe vipi?

Wasomaji wangu, leo siandiki siasa. Najua wengi mmezoea kunikuta hapa nikilalamikia foleni za Dar na ahadi za waheshimiwa, lakini leo naomba mnivumilie kidogo. Nataka kuandika juu ya panya. Panya na nyoka. Swali lenyewe ni hili: ukiwa na nyoka ndani ya nyumba yako, na nyoka huyo hali kitu kingine isipokuwa panya, je, kuna lolote unalodaiwa na huyo panya? Au panya ni panya tu, akiliwa ameliwa, tuendelee na mengine?

Msicheke. Mimi nilicheka kabla yenu, tena nilicheka sana, halafu nikajikuta usiku sipati usingizi namuwaza panya wa kizungu aliyelala kwenye friza. Ngoja niwasimulie.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kwenda Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa mafunzo ya miezi mitatu ya uandishi wa habari za takwimu. Ili kubana matumizi nikafikia kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni muuguzi huko. Nyumba ndogo, jiko dogo, sebule ndogo, na ukutani kwenye hiyo sebule kuna sanduku la kioo lenye taa na joto lake. Nikadhani ni samaki. Nikasogea. Hamadi! Chatu.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Chatu. Usiogope mdogo wangu. Anaitwa Shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Shangazi tu. Hapendi kusumbuliwa, na akinuna ananuna mwezi mzima."

"Mama mkubwa anajua?"

"Mama akijua, wewe utalala stesheni ya treni."

Mnajua wenyewe kwetu nyoka ni nini. Nyoka akionekana uani, mtaa mzima unatoka na fimbo, na mwenye nyumba anaulizwa kimyakimya ana ugomvi na nani. Kumfuga? Hapo kesho yake ushaitwa mchawi. Labda Wasukuma ndiyo wangenielewa haraka, maana wao wana Bayeye, wale wataalamu wa nyoka ambao ngoma zao za kucheza na chatu zinajulikana mpaka nje ya nchi. Lakini mimi si Msukuma. Siku tatu za kwanza nililala na taa inawaka.

Shangazi si yule chatu wetu wa porini anayemeza swala. Ni wa aina ndogo kutoka Afrika Magharibi: Ghana, Togo, Benin na majirani zao. Akikua hafiki mita mbili, wengi wanaishia mita moja na kitu. Akiogopa anajikunja na kuficha kichwa katikati, anakuwa duara kama mpira, ndiyo maana Wamarekani wamempa jina la mpira. Waingereza wanamwita chatu wa kifalme. Anaweza kuishi miaka 20, hata 30. Kwa maneno mengine, kaka yangu ameoa.

Sasa njoo kwenye chakula. Mbwa unaweza kumpa ugali na dagaa, paka unaweza kumtupia mabaki ya samaki, lakini nyoka hana mjadala. Anakula mnyama mzima: nyama, mifupa, ini, manyoya. Mifupa inampa madini ya chokaa, ini linampa vitamini. Ukimkatia kipande cha nyama ya ng'ombe, kwanza hatakitambua kuwa ni chakula, na hata akikimeza hakitamtosha. Kwa hiyo ukishaamua kufuga nyoka umeshaamua kwamba panya watakufa. Hapo hakuna njia ya pembeni. Chatu mkubwa kama Shangazi anakula panya mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu. Piga hesabu ya miaka 20.

Jioni moja kaka akafungua friza kutafuta samaki. Chini kabisa kulikuwa na boksi la plastiki lenye mfuniko, limeandikwa kwa kalamu nyekundu: USIGUSE. Mwandishi wa habari ukimwandikia "usiguse" umemwalika. Ndani, panya weupe, kila mmoja kwenye mfuko wake, wamenyooka kama vile wamelala baada ya chakula cha mchana. Wanauzwa hivyo, wameshakufa na kugandishwa, wamepangwa kwa ukubwa kama viatu: wa siku chache ambao hawajaota manyoya, wa manyoya mafupi, wa makamo, mpaka wakubwa kabisa. Kanuni ni kwamba unene wa panya usizidi sana sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka.

Swali langu la kwanza lilikuwa la kishamba, na sioni aibu kulisema. Kwa nini wamekufa? Si nyoka ni mwindaji? Si umpe panya hai, amalizane naye kama Mungu alivyopanga?

Kaka akanijibu kwa kunionesha picha kwenye simu. Nyoka wa watu, walioachiwa panya hai usiku kucha wakiwa hawana njaa. Mmoja mgongo umetafunwa mpaka uti unaonekana. Panya ana meno yasiyoacha kuota maisha yake yote, na kazi yake ni kutafuna. Ukimfungia na adui yake kwenye sanduku lisilo na mlango, halafu adui mwenyewe amelala, panya atafanya alichojaliwa kufanya. Porini nyoka angeweza kuondoka, na panya angeweza kukimbia. Kwenye kioo hakuna anayeondoka. Kwa hiyo hoja ya "ndivyo Mungu alivyopanga" inakwama pale pale mlangoni, kwa sababu sanduku la kioo hakulipanga Mungu, kalinunua kaka yangu dukani.

Hiyo ni sababu ya nyoka. Sababu ya pili ni ya panya mwenyewe, na hii ndiyo iliyoninyima usingizi.

Wako wanaosema chatu anaua haraka, kwa hiyo panya hateseki. Kuna ukweli ndani yake. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba nyoka wa aina hii anamkaba windo mpaka anakosa pumzi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima jambo hilo kwa nyoka aina ya boa na panya waliolazwa kwa dawa ya usingizi, wakakuta kwamba kinachoua hasa ni kusimama kwa damu: akishabanwa, ndani ya sekunde chache shinikizo la damu linaporomoka na moyo unashindwa kusukuma. Sekunde chache. Ukilinganisha na mengi tunayowafanyia panya hapa mjini, hicho ni kifo cha heri.

Lakini hizo ni sekunde za kubanwa. Hazihesabu dakika zilizotangulia, panya akiwa kwenye kona, harufu ya nyoka imejaa puani, hana pa kwenda. Na si kila shambulio linashika vizuri. Kuna kukosea, kuna kushika mguu badala ya kichwa, kuna kuachia na kuanza upya. Panya mwenye hofu hutoa mlio mkali kiasi kwamba masikio yetu hayausikii, kwenye masafa ya kilohezi 22 hivi, na panya wenzake wakiusikia wanaganda. Yaani panya analia ndani ya sebule yako na wewe unatazama mpira, husikii kitu. Nilipolisoma hilo nikafunga kompyuta kwa muda.

Sheria ya huko nayo ina la kusema. England na Wales wanatumia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006. Haijataja kwa jina kumpa nyoka panya hai. Inachosema ni kwamba ni kosa kumsababishia mateso yasiyo ya lazima mnyama mwenye uti wa mgongo aliye mikononi mwa binadamu. Nyoka ana uti wa mgongo. Na panya pia anao! Ndani ya lile sanduku wote wawili ni wageni wa kaka yangu, na sheria inawahesabu wote wawili. Marekani ni tofauti, huko maduka mengi ya wanyama bado yanauza panya hai kwa ajili ya kulishia, na hoja inabaki kwa dhamiri ya mnunuzi.

Sasa jinsi wanavyolisha. Panya anatolewa kwenye friza usiku, anahamishiwa kwenye friji ayeyuke taratibu. Siku ya pili anatiwa kwenye mfuko uliofungwa vizuri, mfuko unawekwa kwenye bakuli la maji ya moto kiasi, dakika 20 au 30, mpaka mwili uwe na joto kama la panya aliye hai. Maikrowevu ni mwiko: inampika ndani wakati nje bado baridi, na anaweza kupasuka. Aliyeshayeyushwa harudishwi kwenye friza. Bakuli ni la kazi hiyo tu, na mikono inaoshwa kwa sabuni, kwa sababu baridi ya friza haiui vijidudu vya salmonela, na Uingereza imeshakuwa na watu walioumwa kwa sababu ya panya wa kulishia.

Joto lina kazi yake. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, anakuona hata gizani. Kwa hiyo kaka anamshika panya kwa koleo refu, si kwa mkono, anamtikisa kidogo mbele ya Shangazi. Ulimi unatoka, unaingia. Kimya. Halafu, pa! Sikuona alivyoruka. Nilichoona ni kwamba panya yuko ndani ya mikunjo mitatu, naye Shangazi anamkaba marehemu kwa nguvu zote kama vile ana kisasi naye. Dakika kadhaa baadaye analegeza, anatafuta kichwa, anaanza kumeza. Hakujua, na hakuwa na haja ya kujua, kwamba aliyemkaba alikufa miezi miwili iliyopita. Nikajiambia, kumbe nyoka hahitaji windo lipate hofu ili ashibe. Anachohitaji ni joto, harufu na mtikisiko kidogo. Hofu ya panya haimo kwenye mahitaji ya nyoka hata kidogo.

Basi nikafikiri mjadala umeisha. Wiki mbili baadaye Shangazi akagoma kula.

Kaka akamletea panya, akamgeuzia kisogo. Baada ya wiki, akamgeuzia kisogo tena. Wiki ya tatu, ya nne, ya tano. Nilianza kumwona kaka anabadilika. Anatoka zamu ya usiku amechoka, badala ya kulala anakaa mbele ya kioo. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kuhudumia wagonjwa wasiotaka kula, na sasa anarudi nyumbani anakuta mgonjwa mwingine asiyetaka kula. Wiki ya sita jamaa mmoja anayefuga nyoka akamwambia tatizo ni dogo tu: mpe panya hai, mmoja tu, hamu itarudi. Akajitolea kumletea mwenyewe Jumamosi.

Ijumaa usiku tukakaa jikoni.

"Wewe unaonaje?" kaka akaniuliza.

"Mimi mgeni, kaka. Mimi hata kumshika sijamshika."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Mimi nampenda. Mtu akipenda hafikirii vizuri."

Nikamuuliza swali ambalo mhariri wangu hunirudishia kila nikipeleka habari nusu: tunajua nini kwa hakika? Tukaanza kuhesabu. Chatu wa aina hii wanajulikana kwa kugoma, hasa miezi ya baridi na msimu wa kuzaana, wanaweza kukaa miezi bila kula na wasipate madhara. Cha kuangalia ni uzito. Kaka alikuwa anaandika uzito wake kwenye daftari: alianza gome na gramu 1,640, usiku ule mizani ya jikoni ikasoma 1,610. Wiki sita, gramu 30. Macho angavu, anakunywa maji, hapumui kwa kelele. Kwa hiyo aliyekuwa na njaa pale ndani hakuwa Shangazi, alikuwa kaka yangu. Njaa ya kutaka kumwona anakula.

Hapo ndipo jambo lilinikaa sawasawa kichwani. Yule panya wa Jumamosi asingekufa kwa ajili ya nyoka, angekufa kwa hofu ili kututuliza sisi. Kaka akampigia jamaa simu, akamshukuru, akamwambia asije.

Tulichofanya ni kazi ya subira. Tulipima joto la sanduku, tukakuta upande wa moto umeshuka kwa sababu kifaa cha kupimia kilikuwa kimehama, tukakirekebisha. Tukamwongezea pa kujificha, maana chatu huyu anayejiona yuko wazi hali. Siku ya kulisha tulimkausha panya manyoya, kwa sababu panya aliyelowa hanukii kama panya, tukampasha kichwa kwa ile mashine ya kukaushia nywele ili sehemu ya kushambulia iwe na joto zaidi. Tukazima taa. Akikataa, tunamwachia mlangoni mwa pango lake usiku kucha, na asubuhi asipokula anatupwa. Mara ya kwanza hakula. Wiki ya tisa, kaka akiwa kazini, mimi ndiye niliyemwacha pale panya na kwenda kulala. Asubuhi nilikuta hayupo. Nikamtumia kaka ujumbe wa maneno mawili: "Shangazi kala." Akanipigia simu kutoka wodini, jamani, sauti inamtetemeka.

Lakini mwandishi hakuachi. Sawa, panya amefika kwetu amekufa. Amekufa vipi? Maana unaweza kuhamisha ukatili kutoka sebuleni kwenda kiwandani, ukaosha mikono, ukajiona mwema. Kununua kwenye mfuko ni kuajiri mtu akuulie.

Nikasoma. Njia inayotumika zaidi ni gesi ya kabonidayoksaidi, ile ile inayotoa mapovu kwenye soda. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, AVMA, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kinataka gesi iingie taratibu, kati ya asilimia 30 na 70 ya ujazo wa chombo kila dakika, ili panya azimie kabla gesi haijawa kali. Panya kumtumbukiza kwenye chombo kilichokwisha kujazwa gesi ni kumtesa, kwa sababu gesi hiyo ikikutana na unyevu wa pua na macho inageuka asidi inayochoma. Hata ikiingia taratibu, wanasayansi bado wanabishana, kwa sababu panya akipewa nafasi ya kutoka, anatoka kabla hajazimia. Njia nyingine ni kumtenganisha uti wa shingo kwa mkono. Kwa panya mdogo na mikono ya mtu aliyefundishwa ni mara moja tu, kwisha. Kwa panya mkubwa au mikono ya mtu anayejaribu, ni balaa. Na wale wachanga wasio na manyoya, ambao unadhani wanakufa upesi, ndio wanaovumilia kukosa hewa kwa muda mrefu kuliko wakubwa, kwa hiyo gesi yao inahitaji muda mrefu zaidi na uhakika zaidi. Kumgandisha panya akiwa hai, au kumzamisha majini, madaktari hao hawakubali, hata kama kwa macho yako panaonekana kimya na pasafi.

Kwa hiyo swali la mnunuzi kwa muuzaji ni rahisi: mnawaua vipi, na mnajuaje wamekufa? Anayejua kazi yake anajibu. Anayekasirika, tafuta mwingine.

Sasa nasikia kuna msomaji pale nyuma anaguna: hayo ni mambo ya wazungu, wana muda. Naomba nikupinge kwa heshima, ndugu yangu. Bibi yangu mzaa mama, Tanga, hajawahi kufika Cardiff. Lakini alikuwa akitaka kuku achinjwe anamtuma mjomba anoe kisu kwanza, tena akakinolee kando, kuku asikione. Kuku wengine wanafukuzwa wasitazame. Ukichinja kwa kisu butu unagombezwa mpaka jioni. Ndivyo Uislamu ulivyomfundisha: kisu kiwe kikali, mnyama asioneshwe, asichinjwe mbele ya mwenzake. Wale madaktari wa AVMA na kurasa zao zote wanazunguka pale pale alipokaa bibi kwenye mkeka wake. Kifo huwezi kukizuia kwa sababu watu watakula. Hofu na maumivu ya ziada unaweza kuvizuia, na kama unaweza, basi vinakuhusu.

Isitoshe, sisi Watanzania ndio hasa tungepaswa kumheshimu panya. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia akanusa mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamvisha medali ya dhahabu ya ushujaa. Alistaafu mwaka 2021, akafariki Januari 2022. Panya buku si aina moja na panya weupe wa kwenye friza, sawa. Lakini hao weupe nao si mawe. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika kwamba panya wa maabara akimkuta mwenzake amefungiwa anajifunza kumfungulia mlango, na hata palipokuwa na chokoleti pembeni, mara nyingi alimfungulia na kumbakizia. Wangapi kati yetu tungebakiza chokoleti?

Halafu nikarudi Dar. Siku ya pili tu, Jumamosi asubuhi, kile kipaza sauti kikapita dirishani, mnakijua: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Nikatoka kuangalia. Pakiti za sumu, na zile karatasi za gundi. Nyingi ya sumu hizo zinafanya damu isigande, panya anavuja damu ndani kwa ndani siku kadhaa mpaka anakufa. Gundi ni mbaya zaidi: ananasa hai, anajichuna ngozi, anakaa hapo mpaka utakapokumbuka kwenda kumtazama. Wales, pale pale nilipokuwa nalala, gundi ya panya ilipigwa marufuku Oktoba 2023, na England wananchi wa kawaida hawaruhusiwi kuitumia tangu Julai 2024. Simlaumu mama ntilie ambaye panya wanamlia unga na mchele. Panya wa nyumbani wanaleta magonjwa na hasara, lazima waondoke. Lakini ule mtego wa chuma wa kizamani, ukiwa mzuri na umetegwa vizuri, unaua papo hapo. Upo sokoni, na unatumika tena na tena. Kati ya sekunde moja na siku tatu, kwa panya kuna tofauti kubwa sana.

Na kwa wale ambao nimeshawatia hamu ya kufuga nyoka: tulieni. Hapa kwetu nyoka ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kumwokota shambani na kumweka sebuleni bila kibali. Zaidi ya sheria, jiulize kama uko tayari kwa hesabu ya miaka 20 niliyoitaja pale juu. Kila wiki mbili au tatu kuna mwili mdogo mweupe, na wewe ndiye unayejibu alikufaje. Asiyeweza kulibeba swali hilo asifuge. Kaka yangu analibeba, ndiyo maana siku hizi namtetea hata mbele ya mama mkubwa, ingawa sijamwambia ninamtetea kwa kosa gani.

Kuna watakaosema watu wanalala njaa, wewe unalilia panya. Kazi yangu ya kila siku gazetini ni kuandika juu ya hao wanaolala njaa, na nitaendelea. Sijawahi kukutana na mtu aliyeshiba kwa sababu panya aliteswa. Huruma si mfuko wa unga kwamba ukimchotea panya, binadamu anapungukiwa. Nilivyoona mimi kwenye ile nyumba ndogo ya Cardiff, mkono ule ule uliopima maji ya panya yasiwe ya moto kupita kiasi ndio uliokuwa unaenda wodini usiku kugeuza wagonjwa taratibu wasiumie. Sidhani kama ni mikono miwili tofauti.

Haya, nimemaliza. Wiki ijayo tunarudi kwenye foleni na waheshimiwa. Jumapili njema, na mwenye gundi ya panya uvunguni, akaiangalie leo leo, asingoje kesho.